Sentimita Thelathini na Saba

Nyumbani,
4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na baridi ya chumba cha kompyuta haijakugandisha. Sisi hatujambo. Baba naye hajambo, ila macho yanamsumbua kidogo kwa ajili ya vumbi.

Humu ndani utakuta nakala za vipimo vya mto vya mwezi wa Januari, asubuhi na jioni, siku zote thelathini na moja. Umeuliza kwa nini tangu Oktoba mwandiko ni wangu. Baba anasema mwandiko wake siku hizi unafanana na njia ya konokono, na chuo kikuu kinastahili kitu safi. Kwa hiyo yeye hutaja, mimi huandika. Saa kumi na mbili asubuhi tunashuka pamoja darajani, kisha naenda shule. Jioni tunarudi tena.

Mwalimu wetu wa sayansi ametufundisha neno moja ambalo nimeliandika kwenye jalada la daftari langu: "Andika ulichokiona, si ulichotaka kukiona." Nilipomsomea Baba alicheka, akasema mwalimu huyo angefaa kuwa mpima mto. Halafu akasema, "Lakini mto nao una mambo yake." Sikuelewa, na hakuendelea.

Dada, ukipata nafasi nieleze kazi yenu kwa maneno ya mtu wa kidato cha pili. Nataka kujua hesabu inaingiaje mtoni bila kulowa.

Mdogo wako,
Kifutio

Bado sijamsamehe aliyenipa jina hili. Nilikula kifutio kimoja tu, tena nilikuwa darasa la kwanza.


Chuoni,
19 Februari

Kifutio wangu,

Marahaba. Nakala zimefika. Zimenyooka kama askari kwenye gwaride.

Umeomba maelezo, basi keti vizuri. Mto wetu nimeuingiza kwenye kompyuta nikaukatakata vipande elfu kumi na mbili, kutoka milimani hadi mtaa wa chini kwenye kinu cha kusaga. Kila dakika moja ya mto, kila kipande kinamwuliza jirani yake: "Una maji kiasi gani, na unanipa mangapi?" Kila jirani anajibu. Ni maswali mengi mno kwa kichwa cha mtu, ndiyo maana tunatumia kompyuta nane zilizofungwa pamoja, na chumba kinapozwa ili zisiungue. Mimi ndiye ninayeungua kwa baridi.

Chumba chetu kina kambi mbili zilizotenganishwa na kabati. Upande wa dirisha ni watu wa hisabati, na mkubwa wao ni Profesa wangu. Upande wa mlango ni wa uhandisi, na mkubwa wao tunamwita Mhandisi tu, kwa sababu hakubali jina jingine. Profesa akisema, "Tuchukulie kwamba kingo za mto zimenyooka," Mhandisi hujibu, "Tuchukulie pia kwamba samaki wanavaa viatu." Mimi nimewekwa katikati, kwenye meza inayogusa kabati, nitafsiri lugha ya huyu kwa yule.

Lakini mto wa kompyuta hauna akili. Lazima uambiwe mto wa kweli ulifanya nini, siku kwa siku, miaka mingi. Hapo ndipo anapoingia Baba. Tulitafuta vituo vyote vya Idara ya Maji. Vingi vina mapengo ya miezi, hata miaka. Cha Baba kina miaka ishirini na miwili bila pengo. Mhandisi alifungua ukurasa wa kwanza, akafungua wa mwisho, akasema, "Huyu mtu hajawahi kuugua?"

Kazi ikikubaliwa, mtaa wa chini utawekewa king'ora kitakacholia saa sita kabla ya maji kufika. Unakumbuka yale mafuriko ya miaka minne iliyopita, watu walivyokutwa na maji wakiwa mezani wanakula. Sitaki yarudi.

Mwambie Baba jina lake litakuwa kwenye ukurasa wa kwanza.

Dada yako


Nyumbani,
5 Machi

Mwanangu mkubwa,

Mimi baba yako ndiye ninayesema, na huyu mdogo wako ndiye anayeandika. Nimemwonya asinirekebishie maneno.

Nimesikia kwamba umeukata mto wangu vipande elfu kumi na mbili. Usisahau kuurudishia mwisho wa kazi. Marehemu mama yako alikuwa akisema nina mke wa pili na jina lake ni Mto, kwa kuwa ndiye ninayemwamkia kwanza. Sikumbishia.

Mwambie Profesa kwamba kingo hazijanyooka. Mwambie Mhandisi kwamba nimewahi kuugua mara tatu, ila nyumba ya mpima mto iko karibu na mto, na miguu inaijua njia.

Unanisihi ninunue simu nyingine badala ya ile iliyozama. Ya nini? Simu husahau. Karatasi haisahau. Andika barua, nami nitajibu.

Jina kwenye ukurasa wa kwanza sikuliomba, lakini kama limeshaandikwa usilifute.

Baba yako

(Dada, aliposema hilo la mwisho aligeuza uso ukutani. Nadhani alikuwa anatabasamu. Kifutio.)


Chuoni,
2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Barua hii naiandika kwa shida.

Mpaka tarehe thelathini Septemba, mto wa kompyuta na mto wako unaoupima inakwenda bega kwa bega, tofauti ya vidole viwili. Kuanzia tarehe mosi Oktoba imeachana. Vipimo vyako viko chini kwa karibu sentimita arobaini, asubuhi na jioni, kila siku. Mvua za milimani hazikupungua. Hakuna aliyejenga bwawa. Nimekagua hesabu zangu kwa wiki tatu, nikamwita na mwenzangu azikague, na kosa halipo kwetu.

Jana Mhandisi alisema mbele ya chumba kizima, "Mzee amechoka. Amelala kitandani anakisia." Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Baba, ni wewe uliyenifundisha kwamba anayekisia kipimo ni mwongo anayechafua karatasi. Najua anayeandika ni mdogo wangu. Swali langu ni nani anayeuona mto. Unashuka, au hushuki? Kama umechoka, ungesema tu. Ningeelewa uchovu. Hili siwezi kulielewa.

Tarehe 20 Mei nasimama mbele ya jopo la walimu. Wakiona kituo chako hakiaminiki watakifuta chote, miaka yote ishirini na miwili, kwa sababu hakuna awezaye kujua uongo ulianza lini. Na bila kituo chako king'ora hakiwezi kulia mapema.

Naomba jibu la kweli.

Binti yako


Nyumbani,
14 Aprili

Dada,

Shikamoo. Barua yako imefika na Baba ameisikia. Anasema utajibiwa. Nakala za Machi ndizo hizi. Mvua zimeanza na ngazi za darajani zinateleza. Nimekuwa wa tatu kwenye mtihani wa hisabati.

Nakuomba jambo moja. Ukiwa na maneno makali, niandikie mimi, usimwandikie yeye.

Kifutio


Chuoni,
25 Aprili

Kifutio,

Umeandika "ameisikia". Hukuandika "ameisoma". Nimelitazama neno hilo siku nzima.

Profesa ameniita leo. Ameweka mchoro wa vipimo mezani, akasema, "Mtu anayekisia hukosea huku na huku, leo juu, kesho chini. Huyu anakosea upande ule ule, kiasi kile kile, kila siku. Sijawahi kuona mtu anayekosea kwa nidhamu namna hii. Kaulize nyumbani." Nimeona aibu, mdogo wangu. Mtu asiyemjua Baba amemtetea, na mimi binti yake nilikuwa nimeshamhukumu.

Mimi ni dada yako, sitakugombeza. Niambie ukweli, hata kama uliahidi kunyamaza. Tarehe 20 Mei haiko mbali.

Dada yako


Nyumbani,
6 Mei

Dada,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara nne. Kifutio kimekwisha, kwa hiyo hii utaipokea na makosa yake.

Baba haoni. Si vumbi. Jicho la kushoto lilizimika mwaka juzi, na la kulia likafuata taratibu mpaka Septemba. Daktari alisema ni presha ya macho na kwamba tumechelewa kwenda. Baba aliniapisha nisikuambie. Alisema, "Dada yako akijua, siku hiyo hiyo atafunga begi. Mwache amalize." Aliogopa pia Idara ikijua itamwambia abaki nyumbani, na nyumbani bila mto angefanya nini?

Kwa hiyo tangu tarehe mosi Oktoba macho ni yangu. Siku ile ya kwanza alisimama ngazi ya juu, nami nikashuka hadi kwenye mti wa kupimia. Nikasema, "Mita moja na kumi na nne." Akasema, "Andika mita moja na hamsini na moja." Nikadhani kelele za maji zimemzuia kusikia, nikarudia. Akasema, "Nimesikia, mama. Andika moja hamsini na moja." Jioni ikawa vivyo hivyo: nikitaja hii, ananiambia niandike nyingine kubwa zaidi, nami sikuwahi kuhesabu tofauti yake.

Nilidhani ni uzee, Dada. Nilidhani macho yamezimika na sasa akili nayo inafuata, na sikutaka ajue kwamba nimegundua. Nikakumbuka neno la mwalimu, nikaandika nilichokiona. Nikamwambia, "Tayari, Baba." Mara mbili kila siku, miezi saba, nimemwambia "Tayari, Baba", naye hakuwa na njia ya kuhakikisha. Nilijiona mtoto mwema.

Barua yako ya Aprili nilimsomea mimi. Nilipofika kwa Mhandisi niliruka. Nikatia maneno yangu: "Mhandisi anakusalimu sana." La sentimita arobaini na lile la uongo pia niliyaruka. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Barua fupi," basi.

Jumamosi, barua yako ya pili ilipofika, kabla sijaifungua, akasema, "Lete na ile ya kwanza. Leo usome na pale ulipomeza mate."

Nikasoma yote. Hakukasirika. Aliuliza tu, "Sentimita arobaini?" Nikasema karibu. "Tangu Oktoba?" Nikasema ndiyo. "Lete daftari. Nisomee tarehe mosi Oktoba." Nikasoma: mita moja na kumi na nne. Nilitaka ardhi ipasuke nizame.

Chai yake ilipoa mkononi. Kisha akasema, "Thelathini na saba."

Nikamwambia sielewi. Ndipo akanieleza jambo ambalo hajawahi kumweleza mtu. Mafuriko yale ya miaka minne iliyopita yaliung'oa mti wa kupimia. Yeye na fundi mwashi wakausimamisha upya juu ya msingi mpya wa saruji, na msingi ule ni mrefu kuliko wa zamani. Mti ukasimama juu zaidi kwa sentimita thelathini na saba, kwa hiyo tangu hapo unaonyesha maji machache kuliko yaliyopo. Alitaka kuiarifu Idara, lakini aliogopa wangefunga kituo wakisubiri mtaalamu, na mtaalamu haji, na pengo lingeingia kwenye daftari lisilo na pengo. Basi akawa anajumlisha kichwani. Kila siku anasoma, anaongeza thelathini na saba, anaandika. Aliona haya kunieleza, kwa sababu angelazimika kusema kwamba hakuarifu.

Nililia. Akasema, "Usilie. Wewe uliandika ulichokiona. Mimi sikuandika nilichokijua. Mwenye kosa ni nani hapo?" Kisha akasema, "Na mimi ndiye ninayehubiri kwamba karatasi haisahau. Ilisahau kwa sababu sikuiambia."

Nikasema nitakuandikia leo leo. Akakataa. "Mhandisi hataamini neno la mzee kipofu. Apewe kipimo."

Jumapili tukashuka. Mvua ilikuwa inanyesha. Kwenye nguzo ya daraja kuna alama ya mita mbili, imechongwa na waliolijenga, wakati mti wa zamani uliposimama. Baba aliingia majini mpaka kiunoni akaitafuta kwa vidole mpaka akaipata. Tulikuwa na ule mpira mwembamba wa mafundi unaojazwa maji, ambao maji yake husimama sawa pande zote mbili. Yeye alishika ncha moja kwenye alama, mimi nyingine kwenye mti. Nilikuwa nampigia kelele, "Panda kidogo, Baba, shuka, hapo hapo." Maji yalipotulia kwenye alama ya mita mbili, kwenye mti yalisimama mita moja na sitini na tatu. Nilisoma mara tatu.

Akasema, "Sasa andika ulichokiona."

Nimeambatisha karatasi ya kipimo hicho, ina sahihi yangu na dole gumba lake. Tulirudi tumelowa chapachapa. Leo anapiga chafya na kusema mke wa pili amemkumbatia mno.

Nisamehe.

Kifutio


Chuoni,
15 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Barua hii ni yako. Kifutio, msomee polepole, na usiruke kitu.

Nimeongeza thelathini na saba kwenye kila kipimo cha tangu Oktoba. Ilinichukua muda mfupi kuliko kuchemsha maji. Kisha nikauanzisha upya mto wa kompyuta, nikakaa mbele yake na karatasi yako mkononi, ile yenye dole gumba. Mistari miwili ikaenda pamoja kutoka Oktoba mpaka Machi bila kuachana. Profesa alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. Mhandisi alikuja kutoka upande wake wa kabati, akatazama, akauliza kuhusu mpira wa maji na alama ya nguzo. Nikamweleza kila kitu, na macho pia. Akasema, "Alisimama mtoni haoni, ili mimi niamini?" Ameniomba nimwombee msamaha kwako. Nimemwambia aandike mwenyewe.

Lakini msamaha wa kwanza ni wangu. Nilikuuliza kama unashuka mtoni. Umeshuka miaka ishirini na miwili, na uliposhindwa kuona uliendelea kushuka. Aliyeacha kushuka ni mimi. Nimekaa humu naupima mto wako kwa vipande elfu kumi na mbili, na sijaja nyumbani tangu Krismasi ya mwaka juzi. Kama ningekuja siku moja tu, nikaketi mezani nawe, ningejua kwa namna unavyoshika kikombe.

Jopo likimalizika tarehe 20 nakuja, na begi sitalifunga kwa huzuni. Nitakaa ngazi ya juu, wewe ukae katikati, Kifutio ashuke. Unifundishe kusikiliza maji.

Binti yako


Nyumbani,
28 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe 15 imefika jana, siku nne baada ya wewe kupanda basi kurudi chuoni.

Ulipokuwa hapa kwa maziko ya Baba hukuniambia kwamba ulimwandikia. Siku zote sita ulikaa kwenye kiti chake ukishika kikombe chake, na Shangazi alipokuambia ule hukula. Nilidhani bado umemkasirikia, au umenikasirikia mimi. Sasa najua ulikuwa unahesabu siku za posta.

Kuna jambo sikukuambia msibani kwa sababu watu walikuwa wengi. Homa ilipompanda mpaka kifuani, siku mbili kabla hatujampeleka hospitali, aliniuliza kila asubuhi, "Kuna barua?" Nilimwambia bado. Nilitamani kutunga moja, na ningeweza, mwandiko wako naujua na sauti yako naijua. Lakini nilikuwa nimeshamdanganya miezi saba, nikashindwa. Asubuhi ya mwisho alisema, "Atajibu. Anakagua hesabu kwanza, yule."

Jana nilipoipata bahasha nilishuka nayo darajani baada ya kusoma kipimo cha jioni. Nikaketi ngazi ya juu, mahali pake. Nikaisoma kwa sauti, polepole, kama ulivyoagiza. Sikuruka kitu. Pale pa kikombe nilimeza mate, lakini nilirudia.

Kifutio


Chuoni,
22 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Jopo lilisogezwa mpaka tarehe 17 mwezi huu kwa ajili ya msiba, na limekwisha. Wameikubali kazi. King'ora kitawekwa kwenye kinu kabla ya mvua za mwisho wa mwaka.

Mwalimu mmoja mgeni aliuliza, "Hii thelathini na saba mmeipata wapi? Haitoki kwenye mlinganyo wowote." Kabla sijafungua mdomo, Mhandisi alisimama akajibu yeye, akaeleza kuhusu nguzo, mpira na mvua. Alisema, "Ndicho kipimo pekee humu ambacho sikuthubutu kukikagua mara ya pili." Watu hawakucheka.

Jina la Baba liko ukurasa wa kwanza. La pili ni lako, jina lako la shule. Kifutio nimekiacha nyumbani.

Watu walipokuja kunipongeza nilitoka, nikaenda kusimama karibu na bomba la bustani lililokuwa wazi, nikasikiliza maji. Sikujua ninachosikiliza. Hakuwahi kunifundisha.

Usinijibu haraka. Ukipata rangi, andika kwenye msingi wa ule mti kile ambacho karatasi haikuambiwa.

Dada yako


Nyumbani,
1 Julai

Dada,

Shikamoo. Bwana wa Idara ya Maji amekuja. Amesema niendelee kusoma mpaka wampate mtu, na nadhani hawatafanya haraka kumtafuta.

Fundi mwashi amenipa rangi nyeupe iliyobaki kwenye kopo. Nimeandika kwenye msingi kwa herufi kubwa: ONGEZA 37. Fundi alisimama kando akitazama, akasema, "Tulisimamisha mti huu pamoja, na miaka yote alikuwa akiniambia, 'Wewe nyamaza tu, ninayo kichwani.'"

Daftari jipya nimeligawa safu tatu: nilichokiona, cha kuongeza, kilicho kweli. Mwalimu wa sayansi ameliangalia, akaniomba nilieleze darasa zima. Nililieleza. Nilitaja macho ya Baba na kosa langu pia, na sikulia mpaka nilipoketi.

Ukija, ngazi ya juu ni yako. Kusikiliza maji nitakufundisha mimi, kidogo ninachokijua. Yakiwa mengi hayapigi kelele. Kelele ni za maji machache yanayogonga mawe. Ndivyo alivyoniambia.

Nakala za Julai naanza leo. Asubuhi, nilichokiona: mita moja na tisa. Cha kuongeza: thelathini na saba. Kilicho kweli: mita moja na arobaini na sita.

Nilipomaliza kuandika nikasema, "Tayari, Baba," kwa mazoea. Safari hii ilikuwa kweli.

Mdogo wako,
Kifutio